Soksi ya Jivu

Saa kumi na moja alfajiri, bonde la Lambwe.
Jivu nimelifunga katika soksi ya mwanangu,
soksi iliyoukataa mguu wake mwaka juzi.
Naigonga kwa kidole. Vumbi linatoka,
linasita kama mgeni mlangoni,
halafu linashika njia ya Gwasi.

Vyema. Nitazunguka, basi, nitokee Gwasi,
upepo unipige usoni
na kunipeperusha mimi wote nyuma yangu:
jasho, pumzi, ugali wa jana,
na ile harufu isiyo na jina, tusiyoisikia
kwa kuwa ndiyo sisi.

Namtafuta korongo.
Si yule ndege wa miguu mirefu,
wala si ufa uliochimbwa na mvua;
huyu ni mnyama, pembe zimepinda nyuma,
uso mweusi kwa mweupe
kama aliyepakwa rangi za ngoma akasahau kunawa.
Sina mkuki. Nina penseli
na daftari ambalo mgongo wake umeliwa na mchwa.

Baba alikuwa na mkuki.
Radier mwana wa Owuoth: siku tatu kabla ya kutoka
hagusi omena, hagusi kiko,
analala zizini
mpaka ng'ombe wanasahau kuwa ni mtu.
"Jicho la mnyama utalidanganya," alisema,
"sikio utalibembeleza. Pua haina msamaha."
Naye wakamkamata kwa pua:
nyama juu ya moshi, upepo ukageuka saa tisa,
na askari walikuwa wamepumzika ng'ambo ya kijito.
Alitoka jela ananuka dawa ya chawa
na hakuwinda tena.
Alisema upepo sasa unamjua.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Kikutangazacho pia.
Nilimwambia hivyo Atandi, binti aliyeletwa kutoka Maseno
anisaidie kuhesabu. Siku yake ya kwanza
nywele zinameta mafuta ya nazi, kwapani waridi la dukani.
Korongo waliinua vichwa tukiwa mbali kabisa,
wakapiga chafya mara moja,
wakaondoka bila haraka, kama watu waliotukanwa kwa adabu.
Siku ya pili alikuja ananuka samadi.
"Sasa nimefutika?"
Nikamwambia hakuna anayefutika. Unajipanga tu,
kama mwenye deni anavyojua apite upande gani wa barabara.

Leo niko peke yangu. Mbung'o wananila, siwapigi.
Hatua arobaini. Naona kope.
Watatu, na ndama. Ndama!
Wa kahawia, masikio makubwa kuliko akili.
Naandika moja. Penseli inakwaruza kama jembe kwenye jiwe.
Kisha shingo inapoa,
ule ubaridi mdogo nyuma ya sikio:
upepo wa ziwa umeamka mapema.
Mbili, tatu,
na mama wa ndama anainua pua.
Ananisoma mimi, na Radier, na zizi, na jela.
Nyasi zinajifunga nyuma yao.

Saa saba niko nyumbani.
Mama yangu, macho yake yalizimika miaka minne iliyopita,
anatujua kwa harufu.
Mke wangu ni moshi wa kuni mbichi. Mtoto ni chaki.
"Nani ameingia?"
"Ni mimi, mama."
"Sauti ni yako," anasema,
mkono wake bado uko hewani,
"lakini mtu simsikii."

Natoka tena nje. Naitoa soksi, naigonga:
vumbi linaelekea mlangoni.
Nazunguka nyumba, navua shati,
nasimama pale ambapo baba angenichapa kwa kusimama,
upepo kisogoni,
nangoja.

Pua ya mama inainuka.